Tafakuri ya Siku ya 13: Nta ya gari na fimbo ya bibi



Leo tuzungumze kuhusu gari. Ndiyo, gari, tena rangi yake. Kama huna gari usiufunge ujumbe huu. Pengine una simu mpya uliyoivalisha kava mbili, au makochi ya sebuleni ambayo watoto hawaruhusiwi kuyakalia, au sahani za kabatini ambazo hazijawahi kupakuliwa wali. Habari ni ileile.

Swali la leo ni hili: *kitu alichokuruzuku Allah, unakilinda na nini?* Kukilinda na jua, mvua na vumbi, hilo kila mtu analielewa. Je, kukilinda na watu?

Ngoja nikusimulie lililonipata.

Mwaka juzi nilinunua gari. Tunasema "jipya", lakini wewe unajua upya wa magari yetu hapa Dar: limetembea Japani miaka kumi na ushee, likapanda meli, likashuka bandarini, likapewa namba E, basi watu wanakupa hongera ya gari jipya. Kwangu mimi lilikuwa jipya kweli. Nilikuwa nimeweka akiba miaka sita, huku nikining'inia kwenye daladala asubuhi na jioni. Lilipofika nyumbani nilikuwa naamka usiku kulichungulia dirishani. Usinicheke, nawe una chako.

Nikaanza kujifunza kulitunza. Nikaanzia kwenye rangi, maana mji wetu huu hauna huruma na rangi. Jua kali, chumvi ya bahari inayokuja na upepo, utomvu wa mwembe, na kunguru. Kinyesi cha kunguru kikikaukia kwenye boneti kwa siku mbili juani, kinaacha alama ambayo maji hayaitoi tena.

Nikajifunza kwamba rangi ya gari si tabaka moja. Chini kuna bati, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa kuna tabaka angavu ambalo mafundi wanaliita klia. Kinachong'aa ni hiyo klia. Na klia ya kiwandani ni nyembamba mno, maikroni 40 au 50 hivi. Unywele wa kichwani kwako kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Mng'aro wote ule tunaoringia umebebwa na kitu chembamba kuliko unywele.

Nikajifunza pia kwamba polishi na nta ni vitu viwili, ingawa dukani vinakaa rafu moja na wengi tunaviita jina moja. Polishi ina chembechembe za kusugulia. Inaondoa mkwaruzo kwa kuipunguza klia inayouzunguka, mpaka pawe sawa. Yaani kila unapopiga polishi unakula akiba, na ukiipiga kila mwezi kwa kupenda mng'aro, ipo siku utafika kwenye rangi yenyewe. Nta haisugui kitu. Inakaa juu kama kinga, inapokea yale ya jua na kunguru kwa niaba ya klia, halafu baada ya wiki kadhaa au miezi miwili mitatu inaisha, unapaka nyingine.

Kwa wenye magari, niwaachie na utaratibu wenyewe, maana elimu ni sadaka. Osha kivulini, bodi ikiwa imepoa. Usifute vumbi kwa kitambaa kikavu hata siku moja, vumbi letu ni mchanga, na ukilifuta kavu umeshika msasa. Mwagia maji kwanza ulitoe. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka usirudi kwenye bodi. Sabuni ya unga ya kufulia iache ndani, inakula nta. Tafuta shampuu ya gari. Na huo mpira wa maji usiuache unamwagika kama mto wakati unasugua. Mtume wetu (s.a.w.) alitosheka na kiasi cha kibaba kimoja cha maji kwa udhu, na kiasi cha pishi moja kwa kuoga. Sisi tunamaliza ndoo tano kwa tairi nne, wakati jirani anasubiri maji ya zamu.

Kisha kausha kwa taulo laini la maikrofaiba, na ufanye jaribio moja dogo. Chukua nailoni laini, hata ile iliyofungia mkate, ivalishe mkononi kama glovu, upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Mkono mtupu ulikuambia boneti ni nyororo. Kwa ile nailoni utasikia changarawe: chembe za chuma, utomvu, uchafu ulioganda ambao jicho halikuuona. Huo unaondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiwa na maji yenye sabuni. Ndipo polishi kama kuna haja, na nta mwisho. Ukipaka nta juu ya uchafu, umeufungia uchafu ndani na kuupa mng'aro.

Haya yote niliyajua, ndugu yangu. Ningeweza kufungua darasa.

Sasa ikafika Ramadhani. Siku moja, nilikuwa likizo ya kazini, nikaamua leo gari lipate haki yake. Niliswali Alfajiri msikitini, nikasoma juzuu yangu, nikapumzika kidogo, nikatoka na ndoo zangu mbili. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeosha, nimesugua kwa udongo, nimepiga polishi milango miwili iliyokuwa na mikwaruzo, na nimeshaanza kupaka nta. Gari lilikuwa linang'aa mpaka naona ndevu zangu mlangoni.

Akaja mtoto wa nyumba ya tatu, wa darasa la nne hivi.

"Shikamoo anko."

"Marahaba."

"Bibi anauliza kama unatoka na gari. Leo ana kliniki yake ya presha, na baba kaenda kazini."

Nikatazama upande wa kwao. Bibi alikuwa ameshatoka, amesimama kizingitini na kanga zake mbili, mkoba wa kadi za hospitali kwapani, na fimbo mkononi. Ile fimbo naijua. Ule mpira wa chini ulikwisha zamani, imebaki ncha ya chuma. Kila akipita asubuhi unaisikia: ko, ko, ko.

Wallahi, sikumwona bibi. Niliona ncha ya chuma. Nikaiona inavyoingia garini, inavyogonga mlango nilioumaliza kuupiga polishi, inavyokwaruza kizingiti. Na mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Mwambie bibi samahani sana. Nimepaka dawa, haijakauka. Gari haiwezi kutoka mpaka jioni. Atafutiwe bajaji."

Ndugu yangu, nta ile inakauka kwa dakika kumi. Imeandikwa kwenye kopo: paka, subiri dakika tano hadi kumi, futa. Nilikuwa nimefunga, sijala wala kunywa, na nimesema uongo. Tena nimempa mtoto mdogo aubebe mpaka kwa bibi yake. Unajua lile onyo la Mtume (s.a.w.) kwamba asiyeacha maneno ya uongo, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Nalijua mimi pia. Nimewahi hata kulituma kwenye kundi la familia.

Bibi akapanda bajaji. Nikaisikia inadunda kwenye mashimo ya mtaa wetu mpaka barabarani. Nami nikaendelea kufuta nta.

Jioni, dakika chache kabla ya adhana, mlango ukagongwa. Mtoto yuleyule na bakuli limefunikwa: mihogo ya nazi, kama bibi anavyotuletea kila Ramadhani tangu tumehamia pale. Akanikabidhi, akataka kuondoka, halafu akakumbuka ametumwa na neno:

"Anko, bibi anauliza, ile dawa imekauka vizuri?"

Nikasema imekauka. Ndicho nilichofungulia siku ile.

Sasa tuje kwenye swali letu. Je, kosa langu lilikuwa kulipenda gari? Wapo watakaosema hivyo. Watasema, dunia hiyo, mwenye imani hababaiki na bati. Mimi sikubaliani nao, na nina sababu. Mtume (s.a.w.) alipoonya kuhusu kiburi, mtu mmoja aliuliza habari ya anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo kusafisha ulichopewa, kukifanya kidumu, kutokiacha kiozee juani kwa uvivu, hiyo ni sehemu ya shukrani. Gari ni amana, na anayeliacha lioze naye ana la kujibu. Kufikia saa nne ile asubuhi nilikuwa sijakosea kitu.

Kosa liliingia pale mlangoni pa bibi.

Kuna hadithi mashuhuri inayohusu farasi, na farasi ndiye aliyekuwa kipando cha wakati ule. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba farasi ni wa aina tatu kwa wenye kuwamiliki: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni stara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Aliyepata stara ni yule anayemfuga ili ajitosheleze, lakini hasahau haki ya Allah iliyomo shingoni na mgongoni mwa mnyama yule. Aliyebeba mzigo ni yule anayemfuga kwa fahari na kujionyesha. Farasi anaweza kuwa yuleyule, manyoya yaleyale yamepigwa brashi yaleyale.

Sasa jiulize, haki iliyomo mgongoni mwa gari lako ni ipi? Zaka hailihusu: wanavyuoni wanatuambia gari la matumizi yako mwenyewe halitolewi zaka. Lakini isome tena Suratul Maa'un, ile fupi tunayoiswalisha tukiwa na haraka. Inamalizia kwa kuwalaumu watu wanaoswali kwa kujionyesha na huku wananyima msaada. Wafasiri wanapoeleza msaada huo, wanataja vitu vya kawaida kabisa: sufuria, ndoo, shoka. Vitu ambavyo mtu akikuazima unapungukiwa kidogo tu, na yeye anaokoka na shida. Kwa zama zetu, kiti cha nyuma cha gari linaloelekea njia moja na mgonjwa hakiko mbali na ndoo na shoka.

Najua utaniuliza: "Kwa hiyo kila anayeomba lifti nimpe? Kila anayetaka kuazima gari nimkabidhi funguo?" Hapana. Gari likiazimwa na kila mtu, baada ya mwaka hakuna gari, na bibi hatakuwa na wa kumwomba. Kukataa kunaruhusiwa. Unaweza kuwa na safari, unaweza kuwa huna mafuta, unaweza kuwa humwamini dereva. Sema hivyo kwa upole na iwe kweli. Mimi nilivyokataa, sikuwa na sababu niliyoweza kuitamka mbele ya bibi, ndiyo maana nikahitaji uongo. Hicho ni kipimo kizuri, kichukue: *ukiona unahitaji uongo ili ukilinde kitu chako, jua unakilinda na mtu mwenye haki nacho.*

Na kipimo cha pili nimekitoa kwenye nta yenyewe. Nta tunaipaka ili gari lipambane na hasara isiyo na faida. Kinyesi cha kunguru hakimnufaishi mtu, jua likibabua paa hakuna anayepona. Hayo yazuie kwa nguvu zako zote. Lakini mkwaruzo unaotokana na mgonjwa kuingia na fimbo yake, au mchanga wa miguu ya watoto uliowaokoa na mvua, huo ni gharama ya gari kufanya kazi ya gari. Klia yenyewe imewekwa pale iumie ili bati lisiumie. Haikuwekwa itazamwe.

Usiku ule baada ya Tarawehe nilikwenda kwa bibi. Nilizunguka mara mbili mbele ya nyumba kabla ya kubisha. Nikamwambia ukweli wote, kwamba dawa ilikuwa imekauka tangu asubuhi, na kwamba niliogopa fimbo yake itakwaruza gari. Nilitegemea anisute au anisamehe kwa maneno mazito. Akaitazama ile fimbo, akasema:

"Mwanangu, hata mimi naiogopa. Wiki iliyopita imeteleza kwenye vigae vya hospitali, kidogo nianguke."

Nilinyamaza. Ile ncha nilikuwa naisikia kila siku, ko, ko, ko. Nilikuwa nimeihesabia hatari yake yote kwa mlango wa gari, hata upana wa mkwaruzo niliukadiria. Haijawahi kunipitia akilini kwamba chuma kwenye vigae kinateleza, na kwamba juu ya chuma kile ameegemea mama wa watu mwenye presha. Jicho langu lilikuwa limefunzwa kuona mkwaruzo wa nusu milimita, na halikuona hilo.

Kesho yake nilienda kutafuta ule mpira wa ncha ya fimbo. Niliupata duka la dawa la pili kuingia. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko kopo la nta, ndogo kuliko hata taulo moja la maikrofaiba. Nikauvalisha kwa mkono wangu. Sasa akipita asubuhi husikii kitu, na siku za kliniki tukijaaliwa tunakwenda pamoja, akiwa na kadi zake na mimi na gari langu. Mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo mmoja, wa kifungo cha mkoba wake nadhani. Ningeweza kuupiga polishi. Nimeuacha. Fundi yeyote mwenye busara atakwambia si kila mkwaruzo unastahili kuliwa klia.

Ndugu yangu, tuko siku ya 13. Njaa ya Ramadhani naifananisha na ile nailoni ya mkate. Miezi kumi na moja tunajipapasa kwa mkono mtupu tunajiona laini: tunaswali, tunatoa, watu wanatuita ustadhi. Tukivaa njaa kidogo ndipo vidole vinasikia changarawe: hasira ya bure, uongo mdogo, uchoyo uliojificha ndani ya neno "natunza". Ukizisikia wiki hizi usikate tamaa wala usizifunike haraka kwa mng'aro. Zilikuwapo. Mwezi umekuja ili uzisikie, na mlango wa toba uko wazi.

*Zoezi la leo:* Chagua kitu kimoja unachokitunza sana nyumbani kwako. Andika mahali majina ya watu wawili ambao unakilinda nao. Kisha jiulize, ni kunguru hao, au ni watu wenye haki? Kama kuna uliyemwambia "haijakauka" na ilikuwa imekauka, mtafute kabla ya futari. Si lazima ueleze mengi. Ukweli mfupi unatosha, na ukiweza nenda na mkono usiokuwa mtupu.

Ewe Mola wetu, turuzuku vitu vizuri na utupe nyoyo pana kuliko vitu hivyo. Tusafishe kabla ya kutupamba. Usitufanye walinzi wa mali mbele ya wenye shida, na utujaalie tuwaone watu kabla ya kuona mikwaruzo yao. Wape afya wazee wetu wote waendao kliniki leo hali wamefunga au wameruhusiwa kula. Aamin.

Ukiona kuna faida, mtumie mwenzako mwenye gari jipya. Usimwambie kwa nini, ataelewa mwenyewe.

Tukutane kesho inshaAllah, siku ya 14. Saumu njema.